Kabla Nyumba ya Buluu Haijapita

Wewe ungetembea vituo vitatu juani kwa kuogopa kumwita dereva? Katika mabasi yetu madogo ya Oaxaca, asiyepaza sauti hashushwi. Mbele yangu Annelies, mama wa Kiholanzi, alikuwa akimwambia Doña Eufemia, muuza jibini, kwamba tangu Januari hushukia wanaposhukia wengine.

“Kihispania nasoma kila jioni, lakini watanicheka.”

“Watacheka, mwanangu, kisha wataenda zao! Mimi nimezaliwa na Kizapoteki. Hiki Kihispania nilikipata sokoni, kwa kuchekwa.”

“Nyumba yangu ile ya buluu inakuja. Niitie dereva.”

“Leo mdomo wangu una jibini,” akasema Doña Eufemia, akatafuna polepole.

Annelies akasimama, shingo imegeuka nyekundu kwa haya. “Shusha, dereva! Nashuka hapa!”

Basi zima likacheka, na dereva akakanyaga breki.