Saini Kabla ya Nyama

Basi la Chato lilipotoka Geita, Sesilia, fundi umeme wa majengo ya serikali, alijikuta jirani na mlaza mabomba aitwaye Mageni, aliyemsifu mkandarasi wake kama bwana harusi. "Bosi wangu ni mtu wa watu, dada. Nimemlazia mabomba ya zahanati nzima, na kila Jumamosi ananichinjia mbuzi."

"Na malipo?"

"Anasema halmashauri haijamlipa. Miezi saba sasa."

Sesilia alicheka mpaka mkoba ukamponyoka. "Mimi sifukii waya kabla mhandisi wa halmashauri hajapima na bosi hajasaini vipimo; ukishafukiwa, nani atajua ni mita ngapi? Nakala moja nabaki nayo. Na mkataba wangu unasema bosi anilipe ndani ya siku thelathini, awe amelipwa na halmashauri asiwe amelipwa. Wewe umeshafukia?"

"Umebaki mtaro mmoja tu. Lakini mtu unakula naye sahani moja, halafu umtolee karatasi asaini? Kwetu Samuye hiyo ni kumwita mwizi."

"Haya. Na ada ya watoto, shule inapokea nyama?"

Hapo Mageni naye akacheka, akakuna kichwa. Sesilia akamchomekea kalamu yake mfukoni. "Asaini huo mtaro mmoja. Leo, kabla hujagusa nyama."

Basi liliposimama Buseresere, bosi wa Mageni alikuwa kituoni, mikono wazi. Mageni akashuka, na kupitia dirisha Sesilia aliwaona wakikumbatiana. Kisha bosi akaichomoa ile kalamu mfukoni mwa Mageni, akaigeuzageuza, akaisifia, akaitia mfukoni mwake mwenyewe.

Mageni alikuwa bado anacheka.