Papa Désiré Awastaafisha Mitume Kumi na Wawili

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha dini katika shule yetu hapa Tshopo, Papa Désiré Lifoko anastaafu rasmi leo, tarehe 2 Julai. Mkuu wetu, Bwana Préfet, ameniomba wasifu huu niuandike mimi, Idrissa, mwalimu wa hisabati tena Mwislamu, kwa sababu walimu Wakristo wote walidai wana kazi nyingi. Waongo wakubwa! Wanaogopa tu kuulizwa lile swali lake.

Swali lenyewe kila aliyepita darasani kwake analijua: umeitoa wapi? Mwanafunzi akisema Mungu ni mmoja, Papa Désiré hakutulia mpaka asikie habari za Wayahudi na Torati yao. Akisema Yesu alikufa akafufuka, alipelekwa kwenye barua ya Paulo kwa Wakorinto, pale Paulo mwenyewe anapokiri kwamba hayo aliyapokea kwa wengine. Na akithubutu kutaja Utatu, basi kipindi kimekwisha: neno hilo halimo katika Biblia, wamo Baba, Mwana na Roho, na maaskofu walibishana weee, mpaka kaisari akawaita Nikea watafute maneno ya kukubaliana, na hata baada ya hapo wakaendelea kubishana. Mimi niliyasikia yote kupitia ukutani. Nina wanafunzi wa aljebra wanaoijua Nikea kuliko wanavyoijua x.

Alitufikia kutoka Basoko kwa baleinière, ule mtumbwi mkubwa wa injini, akamalizia safari nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, amevaa suti ya kijani cha pondu, yaani majani ya muhogo. Suti hiyo ingali hai, nasi tumechoka kuiombea ipumzike. Mwaka mmoja mchungaji wa jirani alikuja kulalamika kwamba watoto wanavurugwa akili. Papa Désiré akamkaribisha kiti, akamuuliza swali lake. Mchungaji alikumbuka ghafla kwamba ana msiba wa kuhudhuria.

Lakini fahari yake kuu ilikuwa mitume. Kila mwaka kabla ya Pasaka, wanafunzi kumi na wawili wa darasa la sita walijifunga vitenge, wakapanga mstari uwanjani, na kila mmoja akatamka sentensi moja ya Nasadiki, lile ungamo la imani linalosaliwa kanisani. Papa Désiré alifundisha kwamba ndivyo mitume walivyolitunga kabla ya kutawanyika, kila mtume sentensi yake. Tomaso, mwenye mashaka, ndiye aliyepewa kutangaza ufufuko, na shule nzima ilicheka kila mwaka. Wazazi walikuja, masista walifuta machozi, hata mimi nilipiga makofi. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza Papa Désiré yeye hiyo ameitoa wapi.

Februari hii mwanafunzi Chimène, aliyepangiwa kuwa mtume Mathiya, aliuliza. Papa Désiré, kwa kujiamini, akafungua kabati lake akamwazima kitabu kinene cha historia ya Kanisa. Jumatatu Chimène alikirudisha na uzi kwenye ukurasa. Kitabu kilisema habari ya mitume kumi na wawili ilianza kusikika zaidi ya miaka mia tatu baada yao. Nasadiki ilikua kidogo kidogo kutokana na maswali ya ubatizo kule Roma: mtu alisimama majini, akaulizwa mara tatu kama anamwamini Baba, na Mwana, na Roho, na mara tatu akajibu nasadiki. Binti wa watu akamwambia kwa upole, "Papa, hii ya mitume iko hadithi tu."

Siku mbili Papa Désiré hakugusa hata lituma, zile ndizi za kuponda, mtu ambaye huwa anaomba nyongeza msibani. Alikuwa amebakiza miezi mitano tu aondoke na jina lake zuri. Préfet alimshauri anyamaze, igizo lichezwe mara ya mwisho, apewe cheti chake aende kwa amani. Na mimi, aibu yangu, nilimshauri vilevile. Mji huu umejaa watu wazima waliolipata somo hilo kwake, wakiwemo makatekista wanaolirudia kila Jumapili. Wamwite mwongo uzeeni? Alinijibu kwamba akinyamaza, basi miaka thelathini na minne amewatisha watoto kwa swali ambalo yeye mwenyewe analiogopa.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya bendera, ndani ya suti ya pondu, akaiambia shule nzima kwamba alikosea. Alisema somo hilo alilipokea kwa mwalimu wake Basoko, akampenda mno hata asimuulize. Wachache walicheka, bon, wacheke. Mimi nililia, na anayetaka kunitania kwa hilo anikute ofisini.

Pasaka hiyo mitume hawakutokea. Chimène alisimama ndani ya beseni la kufulia la mke wa préfet, akaulizwa mara tatu, akajibu mara tatu. Masista walilia palepale wanapoliaga.

Papa Désiré amekataa zawadi. Ameomba jambo moja: wanafunzi wake wa zamani waje leo saa mbili asubuhi, kabla ya hotuba na samaki, wajifunze upya lile somo la Nasadiki. Wamejibu kutoka Basoko, kutoka Masako, hata katekista mmoja mwenye mvi aliyeigiza Petro mwaka wa kwanza kabisa. Atakayefundisha ni Chimène.

Papa Désiré, asante kwa kelele za ukutani, na kwa asubuhi ile ya bendera. Tunakutakia maisha mema, marefu, na suti nyingine. Tumekuwekea daftari jipya kwenye benchi la mbele. Nafasi iliyo kando yako usimpe mtu, nakaa mimi.