Sauti ya Kwanza Haikuwa Yangu

Sogeeni, wanangu. Zimeni hiyo redio ya jikoni, na mlango uacheni wazi kidogo nipate hewa. Nesi amesema nisizungumze sana, lakini nesi ana miaka ishirini na sita na hajui nimenyamaza kwa muda gani, kwa hiyo leo niacheni niseme mpaka nimalize, na anayetaka kulia alie baadaye, maana nikiona machozi nitapata kisingizio cha kukatiza, na visingizio nimevitumia vya kutosha.

Ya mali kwanza, kwa kuwa ndiyo mepesi. Nyumba ni ya dada yenu mkubwa, ndiye aliyemuuguza mama yenu humu ndani, na hilo tulishaelewana. Gari ni la kaka yenu, ingawa amelifanya lake tangu mwaka juzi bila kuniuliza. Vyombo na makabati gawaneni bila kelele. Kitindamimba, wewe sijakutaja, nimeona ulivyoinua macho. Chako kinakuja, na ndicho hasa kilichonifanya niwaite.

Mnajiuliza pia kwa nini nimemwita shemeji yangu, mjane wa Bucha, akae pale karibu na mlango na mkoba wake mapajani. Shemeji, nakuomba usitoke kabla sijafika mwisho. Ukitaka kunitukana, nitukane nikishamaliza.

Sikilizeni sasa. Mmekua mkijua kwamba baba yenu aliimba katika kundi la Pasi Moto, na hilo ni kweli. Nilikuwa mpiga pasi katika kile kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, chumba cha mvuke, joto la kumtoa mtu jasho mpaka kwenye kope. Pembeni, chini ya dirisha, alikaa Fundi. Kazi yake ilikuwa kushona mashuka yaliyochanika. Mguu wake wa kushoto ulikonda tangu utotoni kwa ugonjwa, alitembea kwa fimbo, lakini ule wa kulia ulikuwa unakanyaga cherehani kwa mwendo ambao hata saa ya ukutani ingeuonea wivu, na juu ya mwendo huo alikuwa anaimba. Wanangu, sijui niielezeje sauti ile. Ilikuwa nyembamba bila kuwa ya kike, na ilipopanda haikupiga kelele, ilipanda tu kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake gizani. Siku moja nikajikuta nimeshika sauti ya chini yake, huku napiga pasi. Hakugeuka kunitazama. Aliongeza tu mwendo wa mguu, nami nikamfuata.

Kinyozi alikuwa anakuja kuchukua taulo zake, akasimama, akaingia sauti ya pili. Bucha alikuwa analeta aproni zake zimejaa damu ya ng'ombe, tunamfokea azirundike nje, na siku hiyo badala ya kujibu akafungua mdomo ikatoka sauti ya nne, nzito, mpaka kopo la vifungo likatetemeka mezani. Tukacheka wote wanne. Msimamizi akaja kuuliza nani amekufa.

Hizo ndizo siku nilizokuwa mtu mzuri, naomba mniamini. Kinyozi alikuwa na santuri za ng'ambo, za vijana wanne wanne, watano watano, suti za rangi moja, wanageuka pamoja na kunyoosha mikono pamoja, wanaimba mapenzi kama watu wanaoomba msamaha. Kila Jumatatu, siku ambayo Kinyozi hafungui, tulikuwa tunajifungia dukani kwake mbele ya vile vioo na kurudia mpaka makoo yakauke. Tulijifunza kupumua pamoja. Tulijifunza kumsikiliza mwenzako kuliko unavyojisikiliza mwenyewe, na hakuna kitu kitamu duniani kama pale sauti nne zinapokaa sawa na wewe hujui tena yako iko wapi. Fundi alitushonea suti nne za bluu kutokana na kitambaa cha mapazia ya hoteli, na kwenye harusi tulizoimba watu walitushika mikono wakauliza tumezitoa wapi. Kisha akatunga ule wimbo wa "Shati la Jumapili", aliutungia binti mmoja wa posta ambaye hakuwahi hata kumsalimia, na pale mwisho anapoipandisha ile "Jumapili" na kuiacha hewani, Bucha alikuwa anaacha kuimba ili amsikilize. Tulimgombeza. Akasema, "Jamani, na mimi nimekuja kusikia."

Bucha na Fundi walikuwa kama pua na mdomo. Mvua ikijaza barabara, Bucha alimbeba mgongoni, yule mwingine akishika fimbo na kumwelekeza, "Kushoto, punda wangu, kushoto!" Shemeji, unakumbuka. Umeitikia kwa kichwa, naona unakumbuka.

Ikaja siku mwenye ukumbi wa sinema akatuita. Alitaka tuimbe jukwaani kila Jumapili mchana kabla ya filamu. Tukaenda kumwonyesha. Tulipomaliza, akaniita pembeni, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mdomo. Akasema, "Mnaimba vizuri mno. Lakini watatu wanacheza na mmoja amesimama ameshika kiti. Watu wangu wanakuja kutazama. Huyo muweke nyuma ya pazia na kipaza sauti, mbele nitawapa kijana wangu wa tiketi, ana sura, atafungua mdomo tu."

Ningeweza kusema hapana. Nataka mjue hivyo. Hakunitishia, hakunishikia kisu, hata haraka hakuwa nayo. Nilitazama zile taa za jukwaani, nikatazama viti vile vyekundu, nikasema, "Nitazungumza nao."

Nikamwendea Bucha kwanza. Akakasirika kabla sijamaliza. Akasema, "Fundi asipopanda, mimi narudi kwenye nyama zangu." Hapo ndipo nikasema neno la kwanza. Nikamwambia, "Ni yeye mwenyewe ameomba. Mguu unamuuma kusimama, na anaona haya kutwambia. Tena ameomba usimtajie, utamwaibisha." Bucha akasema kama ni hivyo, basi. Kinyozi naye nikamwambia hivyo hivyo.

Halafu nikamwendea Fundi, nikamkuta anatia uzi, nikamwambia neno la pili. Nikasema, "Wenzako wamekaa wakaamua. Bucha ndiye aliyesema kwamba mguu wako unatuharibia. Mimi nimekutetea, nimeshindwa."

Shemeji, kaa. Tafadhali kaa. Ndiyo, nilimsingizia mumeo. Jina lake hasa, kwa kuwa nilijua ndilo pekee ambalo Fundi asingeweza kubishana nalo. Ningemtaja Kinyozi, Fundi angeenda kumuuliza. Kwa Bucha aliumia kiasi cha kutouliza.

Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Huyo kijana wa tiketi aje nimpime. Ile suti yangu itambana mabegani." Akaifumua suti yake mwenyewe, akampanulia yule kijana wa tiketi, Mtanashati tulivyomwita, pini mdomoni, akimgeuza huku na huku. Nilisimama pale nikatazama, na nilichokifikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba mambo yamekwenda vizuri kuliko nilivyotegemea.

Miaka miwili na nusu alikaa kwenye kiti nyuma ya pazia, kati ya mafagio na ndoo, akiimba. Mbele, Mtanashati alifungua mdomo na wasichana wakapiga mayowe. Bucha akaona rafiki yake hamwongeleshi tena, akadhani amepata majivuno. Fundi akaona Bucha hamtazami, akadhani ni haya ya mtu mwenye hatia. Mimi nilikuwa katikati yao, kila mmoja ananinong'oneza habari za mwenzake, nami naitikia, "Ndivyo alivyo, muache." Tulipokwenda kurekodi ile santuri ya "Shati la Jumapili", Fundi aliimba, kisha alipokuja mpiga picha wa jalada akatoka nje akasimama uani. Ndiyo maana hamjawahi kuiona sura yake.

Jumapili moja mama yake alisafiri kutoka mbali kuja kumwona. Alikaa mstari wa pili, amevaa nguo zake nzuri. Baada ya onyesho nikamkuta na mwanawe kwenye mlango wa nyuma, namsikia anasema, "Mwanangu, sauti nimeisikia ni yako, nikakutafuta jukwaani mpaka macho yakaniuma. Ulikuwa wapi?" Fundi akamwambia, "Nilikuwa natazama mitambo, mama. Mitambo ina kazi kubwa." Yule mama akageuka akaniona, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Ahsante, baba, kwa kunitunzia mwanangu."

Wanangu, nipeni maji.

Jumapili iliyofuata kiti kilikuwa kitupu. Hakuaga. Tukaanza wimbo, Mtanashati akafungua mdomo wake ule mzuri, ikatoka pumzi tupu. Akaufungua zaidi, kama anaweza kuipata humo ndani. Watu walicheka mpaka wakapiga viti miguu. Tukasema koo limemuuma, lakini mambo yaliishia hapo, na kila mmoja akarudi alikotoka.

Mngedhani basi, yameisha. Lakini santuri ilibaki, redio zikaipiga, watu wakazeeka nayo. Wewe, dada mkubwa, ulikuwa na miaka saba, ukaniuliza, "Baba, huyu anayeimba juu ni wewe?" Sikusema ndiyo. Nilitabasamu, nikakupakata. Ukaenda kuwaambia shule nzima, nami nikakuacha. Watu wa redio wakaja kuniuliza, nikawaambia tulikuwa tunapokezana. Kinyozi alikuwa ameshahama, habari zake sikuzisikia tena, na Bucha hakuwa mtu wa kujibizana na redio. Mwongo ni mimi, na niliufanya uongo huo nimekaa, nakunywa chai.

Sasa wewe, kitindamimba. Sogea. Ulianza kuimba ukiwa mdogo, na kila aliyekusikia akasema una sauti ya baba yako, ni suala la kuipandisha tu. Ukaipandisha. Nimekusikia chumbani kwako miaka mingapi unaikimbiza ile "Jumapili", inakukatikia, unaanza tena. Ukaanza kukwaruza, daktari akaona vinundu kooni, wakakupasua, wakakukataza kusema wiki sita. Ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa, ukaandika kwenye karatasi, "Baba, wewe uliwezaje?" Na mimi, nimeishika karatasi ile, namwona mwanangu amekatazwa hata kunong'ona, nikakujibu, "Mazoezi tu, mama."

Nikifika huko ninakokwenda, nikiulizwa la kwanza, nadhani nitaulizwa hilo.

Sikuweza, mwanangu. Sijawahi hata siku moja kuifikia noti ile. Mimi nilikuwa sauti ya tatu. Ulikuwa unavunja koo lako kutafuta kitu ambacho katika ukoo wetu hakipo.

Msidhani sikujaribu kusema. Bucha alipofariki, nilimwona Fundi ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, anatazama jeneza likipita. Hakuvuka, nami sikumwita. Mwezi uliopita nilimwomba kaka yenu anipeleke mjini kupunguza suruali. Alibaki garini, hakujua ni duka la nani. Fundi yu hai, ana wajukuu, bado anashona. Akanipima kiuno, akasema, "Umekwisha, bwana." Halafu, akiwa ameinama, akaniuliza, "Hivi Bucha, mpaka anakufa, aliendelea kuuonea haya huu mguu?" Mdomo wangu ulifunguka, wanangu. Nikamwambia, "Ya zamani hayo, tuyaache." Suruali ilikuwa tayari Alhamisi. Iko kabatini, sijaivaa.

Basi nawaagiza. Kuna barua ya watu wa redio kwenye droo, wanataka kunipa tuzo. Dada mkubwa, wajibu wewe, waandikie ni nani aliyeimba na ni nani aliyetunga, na haya mengine yote usiyapambe. Siku ya kunizika msipige santuri ile, isipokuwa Fundi mwenyewe akisema ipigwe. Na mtu aende kwake, amwambie kwamba Bucha alitaka kurudi kwenye nyama zake kuliko kupanda bila yeye. Hayo ndiyo maneno yake, nimeyashika yote. Msiniombee msamaha. Mwambieni tu Bucha alisema nini.

Shemeji... umesimama. Unatoka? Una haki. Sikuzuii... Nini? Sema tena, masikio yangu... Kwa Fundi? Sasa hivi, na mvua hii?

Kaka, chukua ufunguo. Mpeleke, ni lile duka la suruali. Mshike mkono pale kwenye ngazi. Usinitazame mimi, mtazame yeye... Nenda.

Wamekwenda.

Kitindamimba, nipe mkono. Chako, nilisema, kinakuja. Ni kidogo. Ile sauti ya tatu ya "Shati la Jumapili", hakuna anayeijua, hata kwenye santuri huisikii mpaka uitafute. Inakaa chini, pale sauti yako inapokaa ukizungumza. Haikupasui. Nitakuonyesha mstari wa kwanza... siyo kwa nguvu... ngoja nivute pumzi.

Mungu awape ujasiri ambao mimi sikuwa nao. Awape marafiki... na awafanye mstahili kuwa nao. Dada mkubwa, usilie, mshike mdogo wako.

Inaanza hivi. Sikiliza... Hapana, chini zaidi. Chini, mama. Hapo.