Kufuli la Lango la Makaburini

Benchi la kijiji cha Chambrelles liko ubavuni mwa kanisa, mahali jua la asubuhi linapofika mapema na upepo wa milima ya Forez haufiki kabisa. Tangu mkahawa ulipofungwa mwaka juzi, kahawa ya benchi huletwa na Séverine kwenye themosi, si kwa kuwa ni kazi yake, bali kwa kuwa akimaliza kufagia uwanja naye anataka kukaa. Yeye ndiye mfanyakazi pekee wa kijiji: anafagia, anakata nyasi, anabandika matangazo. Asubuhi ile ya Juni alikuwa na jambo. Meya yuko hospitali mjini kwa ajili ya goti lake, lakini ametuma karatasi: lango la makaburini lifungwe kwa kufuli, ufunguo uwe mmoja, akae nao Séverine, na mwenye kutaka kuzuru kaburi amfuate yeye nyumbani. Bibi Peyrache ndiye aliyelalamika kwamba wapanda baiskeli wanamwaga maji na kuacha tope karibu na kaburi la marehemu mumewe. Kufuli lilikuwa limeshafungwa tangu saa mbili, kwa majaribio. Ilibaki wazee watatu wa benchi, ambao pia ndio kamati ya makaburi, watie saini liwe la kudumu. Chambrelles ina wajane tisa, na wakati wa joto kila mmoja humwagilia maua mara mbili kwa siku. Séverine ana watoto watatu, na makaburi yako juu ya kilima. Alikuwa amewaambia wazee wazi kwamba hataki. Walimsikiliza vizuri, kisha wakasogeza vikombe.

— Jumapili nimewahesabu hao wa baiskeli, alisema Firmin, ambaye wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Kumi na wanane! Wote wameshuka kwa njia ya mawe, wote wameingia makaburini. Dakika tano, wametoka, hao wamekwenda zao. Sasa niambieni, mtu mzima anatafuta nini makaburini kwa dakika tano?

— Maji, alisema Séverine. Pale kuna bomba.

— Maji! Mtu ana chupa mbili kwenye baiskeli, wewe huzioni?

— Naziona. Zinaingia tupu, zinatoka zimejaa.

— Hebu mwongezee Posta kahawa, mwanangu.

Séverine akammiminia. Posta ni Marcelin, aliyesambaza barua za vilima hivyo kwa baiskeli miaka thelathini. Haongei sana, na akiongea huwa amechelewa.

— Mimi nauliza kingine, alisema Aimé, ambaye wanamwita Jenerali, ingawa jeshini alikuwa mpishi na cheo alijipa mwenyewe bila kupingwa. Lami ipo. Imewekwa mwaka jana, laini kama siagi. Mwenye akili zake anaiachaje lami, akapande mlima hadi Les Brosses kwenye changarawe, anahema kama ng'ombe anayezaa?

— Kwenye lami kuna malori ya magogo, alisema Posta.

— Au kwenye lami ataonekana!

— Na nani? Na ng'ombe?

— Na sisi, bwana, alisema Jenerali akishusha sauti. Uyoga.

Chambrelles neno hilo halitajwi ovyo. Mtu ana mahali pake pa uyoga msituni, na hapo hamwonyeshi hata shemeji yake. Baba yake Redio alimnong'oneza mwanawe siku ya mwisho kabisa, na hata hapo alitaka kwanza nesi atoke nje.

— Juni hakuna uyoga, alisema Séverine.

— Ndiyo ujanja wenyewe. Sasa wanapima, Septemba wanavuna. Hujaona ile simu kwenye usukani? Inachora, dada yangu. Kila kona waliyopita, kila mti waliokojolea, imechora. Halafu wanakutana makaburini kupeana ramani. Nani atamshuku mtu makaburini?

— Acha kamba, alisema Redio. Uyoga, uyoga. Ni viwanja hao wanatafuta.

— Viwanja vya nini?

— Vya kuzikwa! Mjini kumejaa, wanazikana kama vitabu kabatini. Hapa hewa safi, kimya, unaona mpaka bonde la pili. Yule wa Ijumaa, mrefu, si alilala chali kwenye nyasi za ukutani, macho kafumba? Mnadhani alikuwa amechoka?

— Alikuwa anafanya nini?

— Anajaribu!

Kahawa ilimpalia Posta, wakampiga mgongoni mpaka akatulia. Séverine naye alicheka, halafu akajilaumu kwa kucheka, maana Redio alikuwa ameshachomoa kalamu. Aliilaza karatasi ya meya pajani, akatia saini huku bado anaongea.

— Mimi nasema ni dini, alisema Jenerali, ambaye hakubali kushindwa. Tazama mavazi: yanabana, yanafanana. Wakifika langoni wanavua kofia. Wakiingia wanainama.

— Wanainama kwa sababu bomba liko magotini, alisema Séverine. Hata mimi nainama.

— Wananawa uso. Wananawa mikono. Wanajimwagia kichwani! Hiyo siyo ibada?

— Wametoka kupanda kilomita tisa juani, Jenerali.

— Na hakuna aliyewatuma! Ndiyo nasema, dini.

Akatia saini yake, kubwa, yenye mkia. Ikabaki ya Posta tu. Séverine aliitazama kalamu ikihama kutoka mkono hadi mkono, na kichwani alikuwa anapanga watakaomfuata ufunguo: Bibi Peyrache saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana hapati usingizi, wale dada wa familia ya Vidal saa moja, saa ileile watoto wanatafuta soksi, halafu jioni wote tena, sufuria likiwa jikoni.

— Posta, alisema. Wewe umepanda njia hiyo miaka thelathini. Kiu ikikubana, ulikuwa unakunywa wapi?

Posta alifikiri.

— Maji?

— Ndiyo.

— Sikunywa maji. Kila nyumba walinipa bilauri ya divai. Nikifika Les Brosses, baiskeli ilikuwa inajiendesha yenyewe.

Wazee wakacheka, wakakumbushana majina ya waliokuwa na divai nzuri na waliokuwa na siki. Hapo ndipo wakasikia changarawe ikilia. Mwanamke mmoja alikuwa anashuka kutoka upande wa makaburini, anasukuma baiskeli ya matairi manene, mikoba midogo imefungwa kila mahali, vumbi jeupe limempanda mpaka magotini. Alikuwa mtu mzima, umri wa Séverine au zaidi kidogo.

— Habari za asubuhi, bibi. Habari zenu, mabwana. Samahani, kule juu lango limefungwa.

— Kule juu ulikuwa unataka nini? aliuliza Redio, haraka kama polisi.

— Bomba, alisema yule mwanamke.

Jenerali alijikuna shingo. Séverine hakumtazama mtu. Alifuta ukingo wa kikombe kwa kidole.

— Wote tunajua, aliendelea mgeni, bila hata kuulizwa. Kijiji kikiwa hakina duka, unatafuta makaburi, hapakosi bomba. Nina siku ya tatu kwenye njia hizi. Tangu jana asubuhi sijapishana na gari hata moja. Trekta moja tu, na dereva alinipungia mkono. Ndiyo raha yake, unasikia tairi lako na ndege, basi. Ila pasipo na magari, na maduka nayo hakuna.

Redio alikuwa mbishi, lakini hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake na kiu. Aliinuka, akazichukua chupa mbili za mgeni, akaenda nazo hadi kwake, mlango wa kijani upande wa pili wa uwanja. Alirudi zikichuruzika, kifua mbele.

— Haya. Chambrelles si kijiji cha washenzi. Ukiwa na kiu unagonga, unapewa. Posta, tia saini tumalize.

Mgeni alishukuru, akanywa nusu chupa bila kupumua. Akafuta mdomo kwa mkono, akatoa simu yake.

— Nyuma yangu wanakuja wenzangu kumi na mmoja, alisema. Na Jumamosi kuna kikundi kingine, kikubwa kuliko chetu. Niwaambie wagonge mlango gani?

Hakuwa anamshambulia mtu. Alisimama tu, kidole juu ya kioo cha simu, anasubiri aambiwe aandike.

Redio aliutazama mlango wake wa kijani. Mkewe alikuwa amesimama dirishani, amekunja mikono. Jenerali aliangalia kushoto, ambako nyumba tano zina wenyewe Agosti tu, kisha kulia, ambako vibao vya madirisha havijafunguliwa tangu mazishi ya mwenye nyumba. Posta alikuwa anatembeza macho mlango kwa mlango kama anagawa barua, midomo inacheza kidogo, na kila alipofika alitikisa kichwa na kuhamia unaofuata. Alimaliza uwanja mzima. Akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akairudishia kalamu kifuniko.

— Kahawa ipo? aliuliza.

— Imekwisha, alisema Séverine.

Alikwisha kuinuka. Akishika mwendo, alipiga hesabu, atakuwa amerudi kabla mashine ya kufulia haijasimama. Alipita mbele ya baiskeli ya mgeni, akashika njia ya kilimani, mkono mmoja mfukoni mwa aproni anatafuta ufunguo, na pale benchini hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi.