Hewa ya Samaki wa Meneja

BOGONKO: Haloo? Hapa ni dukani, Sotik. Nani huyo?

MOMANYI: Ni mimi, ndugu. Momanyi. Habari ya—

BOGONKO: Momanyi! Saa hii si ya kazi? Unapiga kutoka wapi?

MOMANYI: Kwa meneja. Yeye ako fakitori, mkewe, memsaab, ameenda kupanga maua kanisani. Sikiza, samaki wamekufa.

BOGONKO: [anacheka] Pole kwa msiba.

MOMANYI: Usicheke! Wote kumi na wanane. Na mimi ndiye wa kuchunga ile tangi ya kioo.

BOGONKO: Uliwalisha nini?

MOMANYI: Si chakula, ni hewa. Kuna chupa ya sukari na hamira, inachacha kama busaa—

BOGONKO: Ati samaki wa mzungu wanapikiwa pombe?

MOMANYI: Ngoja basi! Hewa ya hiyo chupa inapita kwa mpira, inaingia majini, majani yaliyopandwa humo yanaila. Mchana taa ikiwaka, majani yanatoa hewa nzuri, samaki wanapumua. Jioni nazima taa, natoa mpira. Giza likiingia majani nayo yanavuta ile nzuri. Ukiacha mpira ndani—

BOGONKO: Na wewe ukauacha.

MOMANYI: Memsaab ndiye aliniambia niuache! Ati majani yamekuwa manjano, wageni wanakuja Jumapili. Nikamwambia samaki watakosa pumzi. Akaniuliza, nani amekufundisha? Asubuhi nawakuta juu ya maji, midomo wazi—

[Waya unakwaruza.]

BOGONKO: Midomo wazi.

MOMANYI: Usiseme, ndugu.

BOGONKO: Nitasema! Mtoto wako Kemuma alikufa na miaka miwili. Baridi ya Julai, jiko la makaa ndani, dirisha la nyumba ya laini, hizo zao za wafanyakazi, wamelipigilia mbao. Nani aliandika ripoti? Mtu wao wa dawa akasema ni homa. Barua nne nilipeleka, nne, hata moja—

MOMANYI: Hii ya samaki wameandika. Kurasa mbili. Ati uzembe wangu. Nikitia sahihi narudi kuchuma majani chai, na nyumba nabaki nayo. Nikikataa, Jumamosi tunatoka.

BOGONKO: Usitie! Wasikuchezee—

MOMANYI: Shemeji yako Nyambeki anajifungua mwezi ujao. Utatulaza wapi, chini ya kaunta?



BOGONKO: Ni nyumba ile ile?

MOMANYI: Ile ile.

BOGONKO: Na dirisha?

MOMANYI: Mbao bado.

OPARETA: Sotik, muda wenu unaisha.

BOGONKO: Mama, tuachie kidogo! Momanyi, kwa hivyo utasaini?

MOMANYI: Nilisaini saa mbili. Nimekupigia uniletee nyundo. Ile ya kung'oa misumari.

BOGONKO: Wewe! Ukigusa hizo mbao watakufukuza.

MOMANYI: Wanifukuze kwa mbao basi. Kwa samaki, hapana.

BOGONKO: Nakuja nayo leo. Unasikia? Leo, nafunga duka—

MOMANYI: Gari lao hilo. Haya ndugu, kwahe—