Jumamosi Yao, Jumapili Yetu

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu wa Nyakoe! Mimi ni Mama Nyaboke wa Tabaka, mjane, na nimesimama hapa kwa mkono wa Mungu peke yake.

Mume wangu alikuwa mchongaji wa vinyago vya mawe ya sabuni, yale mawe laini ya kwetu. Alipofariki nilibaki na watoto na kazi ya wanawake wa kwetu, kusugua vinyago kwa msasa na maji mpaka ving'ae. Aliyenunua ni mlanguzi mmoja, na bei ilitoka mdomoni mwake. Ukilalamika anakwambia, "Basi mama, pika hayo mawe watoto wale." Watoto wangu wakaacha shule. Nililia mpaka machozi yakakauka!

Ndipo wanawake tukaanzisha kikundi, tuuze wenyewe na faida isomeshe watoto wa wote. Nusu yetu tulikuwa Wasabato, nusu Wakatoliki. Watu walitucheka: "Hawa wanapumzika Jumamosi, wale Jumapili. Kazi watafanya lini?" Mlanguzi naye alisema tutarudi kwake tukitambaa.

Mungu akatupatia duka la kununua vinyago vyetu Nairobi. Lori lingekuja Jumatatu, na mwenye duka alisema mzigo wa kwanza ukimchukiza, hatanunua tena. Tukasugua kwa furaha, tukafunga kila kinyago kwa majani mabichi ya migomba, maana Kisii tunafunga nini bila mgomba? Ijumaa mchana mwenyekiti wetu, Bosibori, mama Mkatoliki, akafungua furushi moja kuhakikisha. Utomvu ulikuwa umeingia kwenye jiwe jeupe, madoa ya kahawia kila mahali. Tukafungua mengine yote. Yalikuwa vivyo hivyo.

Na jua lilikuwa linateremka, Sabato inaingia. Wenzangu Wasabato wakanitazama. Nilijua nitakachopoteza: kikundi kikivunjika, wanangu hawataiona shule tena. Moyo uliniuma, ndugu zangu, lakini nikasema siwezi kuivunja siku ya Bwana.

Bosibori akakunja mikono ya gauni lake. "Mama Nyaboke, nyinyi endeni mkasali. Kesho ni yetu. Jumapili sisi tukiwa Misa, nyinyi mtashika."

Jumamosi hiyo nilikaa kanisani, na kupitia dirishani nilisikia msasa wao ukikwaruza mawe kule chini ya kilima. Sijawahi kusikia kwaya tamu kama hiyo! Jumapili kengele ya Misa ilipolia, wao wakanawa mikono, sisi tukashika walipoachia. Jioni vinyago vyote vilikuwa vyeupe, vimefungwa kwa nyasi kavu. Lori likaja, likapakia, na hakikurudishwa hata kimoja. Haikupita muda duka likaagiza tena.

Wanangu walirudi shule. Leo binti yangu Nyaboke ni mwalimu, haleluya! Na yule mlanguzi? Mke wake ni mwanachama wetu, tena anasugua vizuri kuliko mimi.

Ndugu zangu, lile walilotuchekea ndilo Bwana alilotumia kututoa. Nasikia nyinyi mnataka kuanzisha kikundi cha ndizi, ila mnawaogopa majirani wa kanisa lile lingine. Mtumainini Mungu, mwende mkabishe hodi kwao. Na Jumamosi mkija kusali, waachieni ufunguo wa stoo.