Mkurugenzi Aliyeweka Rafu Mahali pa Kitanda: Elkana Odhiambo Nyakwaka, 1951–2025

Marehemu Elkana Odhiambo Nyakwaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Suna, Migori, kifungua mimba wa hayati Zakayo na Bathsheba Nyakwaka. Mwaka 1964, mbung'o walipopungua, familia ilihamia bonde la Lambwe na ng'ombe kumi na mmoja. Elkana ndiye alikuwa mchungaji. Kwa kuwa alichunga huku akisoma, ng'ombe walijifunza kujirudisha nyumbani wenyewe, na mara mbili walifika kabla yake.

Shule ya msingi aliimalizia Lambwe mwaka 1966, akaenda sekondari Migori hadi 1970. Huko alipewa funguo za kabati la vitabu, kabati moja la shule nzima. Mwalimu alimwambia alifunge kila siku. Yeye akapoteza kufuli wiki ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuamini kwamba ilipotea. Mwaka 1973 alikwenda Kampala kusomea ukutubi, akarudi 1975 na stashahada yake. Kamili, si nusu kama za wengine tunaowajua katika ukoo huu.

Aliajiriwa mwaka huohuo kama mkutubi msaidizi katika maktaba ya taifa, na mwaka 1992 akawa mkurugenzi. Alikalia kiti hicho miaka kumi na tisa. Tawi alilipima kwa uchafu wa vitabu. Aliingia, akatoa kitabu kwenye rafu, akapitisha kidole kwenye kurasa. Kikiwa safi, msimamizi alikuwa na kazi. "Hiki kiko safi hivi, kwani kinaolewa lini?" Siku moja Homa Bay alifungua kitabu cha sayansi kikanuka omena. Alifurahi kama mtu aliyepata mjukuu. "Huyu alisoma akila," akasema. "Mtafuteni mumwongezee kingine."

Wengi bado wanasimulia alivyofika tawi moja bila gari la serikali wala tai. Metrine, dada aliyekuwa mlangoni, akamzuia.

"Mzee, kadi."

"Sina, mama."

"Basi huingii. Hata ukiwa mkurugenzi."

"Na nikiwa yeye kweli?"

"Basi wewe ndiye umeandika hiyo sheria. Fomu iko hapo, kalamu usiibebe."

Elkana alijaza fomu, akakaa akasoma mpaka saa kumi. Miezi mitatu baadaye Metrine aliitwa Nairobi. Alifika akilia, akijua amefutwa, na akatoka akiwa msimamizi wa tawi.

Tarehe 18 Desemba 1976 alimwoa Edith, binti wa Mzee Were, katika kanisa moja hapo Migori. Bwana harusi alipanga wageni wapakuliwe kwa alfabeti. Akina Were, yaani wakwe zake, walikula mwisho kabisa, na kuku walikuwa wameisha. Alichukua miaka kadhaa kusamehewa. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Alistaafu 2011 akarudi Lambwe kujenga. Msingi ulichimbwa wa nyumba ya vyumba vinne. Kilichoota juu yake, Februari 2013, kilikuwa ukumbi mmoja wenye rafu na mabenchi, mlango wazi kwa kila mtoto wa bonde hili. Yeye na Edith walipanga nyumba Homa Bay mjini. Kila akiulizwa nyumba yake iko wapi, alijibu, "Inakuja."

Sasa, kwetu mwanamume mwenye boma hazikwi bila nyumba. Lazima mwili wake ulale ndani ya nyumba yake kwanza. Kwa hiyo figo zilipoanza kumsumbua Agosti 2023, na akawa anaoshwa damu mara mbili kwa wiki, mdogo wake Maurice alikuja hospitalini na hilo neno.

"Omera, ndugu yangu, ingiza kitanda pale kwa vitabu, ulale usiku mmoja tu. Ukiamka, hiyo ni nyumba."

"Nikilala pale, Maurice, siku nikifa hiyo ni nyumba ya marehemu. Hakuna mama atakayemruhusu mtoto wake kuingia."

"Kwa hivyo tukuweke wapi? Kwa rafu, herufi ya O?"

"N. Tunafuata jina la mwisho."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia ni nani anakufa. Lakini Edith aliyekuwa pembeni aliona mume wake akimshika Maurice mkono na kuacha kucheka kabla ya mwenzake. "Usinifungie watoto nje," Elkana akamwambia mdogo wake.

Elkana alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Edith alipofika Lambwe Jumatano ya wiki hii, alikuta mabenchi yako nje yananyeshewa, na kitanda kimo katikati ya rafu.

"Maurice, rudisha mabenchi."

"Shemeji, hii ni mila, sikuianzisha mimi."

"Mila inataka nyumba. Sijakataa. Jenga."

"Kwa siku mbili, kabla mwili haujafika?"

"Si wewe ulijenga choo cha kanisa kwa asubuhi moja?"

"Kilianguka, shemeji."

"Basi hii chukua mpaka jioni."

Habari ilipita bondeni. Alhamisi asubuhi walikuja watu ishirini na saba waliowahi kukalia mabenchi yale. Mahmud wa hadwea, duka la vifaa vya ujenzi kule mjini, ambaye wanawe walisomea hapo, alileta mabati mwenyewe. Bogonko alitoka machimboni Masara na wachimbaji wenzake watatu, wakachimba mashimo ya nguzo kama wanaotafuta dhahabu, hadi wakaambiwa inatosha, hii ni nyumba. Saa kumi na moja jioni ilikuwa imesimama, chumba kimoja cha mabati. Mlango aliupigilia Maurice. Kisha akakitoa kitanda kule kwa vitabu, akayafuta mabenchi kwa shati lake, na kuyarudisha ndani moja moja.

Jana mchana Elkana aliingizwa katika nyumba yake.

Ameacha mjane wake Edith, watoto Priscilla, Caleb na Sammy, wajukuu saba, na mdogo wake Maurice. Chumba cha kusoma kitafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na Maurice ndiye mwenye ufunguo hadi atakapoupoteza.

Lala kwa amani, Mkurugenzi. Watoto wako ndani.